Mizizi ya Jirani: Mafaqihi na Mti Ulioingia Katika Njia ya Maji Machafu

 

Ndugu msomaji, wapo wanaodhani kuwa fiqhi inaishia kwenye udhu, swala, funga, ndoa na mirathi. Ukiwaambia kwamba wanazuoni wakubwa wa umma huu walikaa kujadili mzizi wa mti unaopita chini ya ukuta na kuingia katika kisima cha jirani, watadhani unawatania. Makala haya yanaeleza historia ya mjadala huo. Tumeichagua kwa sababu miji yetu inakua, nyumba zinasogeleana, na jambo linaloonekana dogo kama mzizi laweza kuwafanya watu wawili wanaoswali safu moja wasisalimiane.

Masuala yenyewe

Tuyaweke masuala kama walivyozoea mafaqihi, kwa majina ya kupigia mfano: Zaid na Amri. Zaid anaishi Mutuka, mojawapo ya kata za mji wa Babati, mkoani Manyara. Baba yake alipanda mti wa kivuli, tuseme mkuyu, kwenye mpaka wa shamba wakati pale palipokuwa mahindi matupu. Mkoa wa Manyara ukaanzishwa mwaka 2002, Babati ikawa makao makuu, mji ukatanuka. Amri akanunua kiwanja kilichopakana na mkuyu ule, akajenga nyumba yenye choo cha ndani cha kuvuta. Kama zilivyo nyumba nyingi za miji yetu, maji machafu yake hayaendi kwenye mtandao wa mji. Yanapita kwenye bomba hadi kwenye chemba, kisha kwenye karo alilolichimba karibu na mpaka.

Miaka michache ikapita. Choo kikaanza kushuka polepole, kisha uchafu ukafurika kwenye chemba na kutiririka uani, mahali ambapo wake na watoto hufua na kutawadha. Fundi akafungua chemba, akavuta fungu la mizizi lililosokotana kama mkia wa farasi. Amri akamwendea jirani yake: Shekhe, mti wako umeniharibia nyumba, ukate. Zaid akajibu: Mti huu ulikuwepo kabla yako, marehemu mzee aliupanda kwa thawabu, na wewe ndiye uliyeuletea bomba. Wote wawili wakaenda kwa imamu wa msikiti. Imamu aseme nini?

Asili ya jambo katika Sunna

Kila mmoja wa wawili hawa ana hoja yenye mashiko katika Sunna. Zaid anakumbuka Hadithi ya Anas (r.a.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti, kila anachokula humo ndege, mtu au mnyama huandikwa kwake kuwa ni sadaka. Amri naye anakumbuka ile aliyoipokea Muslim, ya mtu aliyeonekana akitembea Peponi kwa sababu ya mti aliouondoa njiani uliokuwa ukiwaudhi watu. Hadithi hizi mbili hazipingani. Ya kwanza inasifu mti kwa manufaa yake, na ya pili inasifu kuondoa udhia. Ugumu unakuja pale mti mmoja unapokuwa na manufaa kwa huyu na udhia kwa yule.

Mfano ulio karibu zaidi na masuala yetu ni kisa alichokipokea Abu Daud katika mlango wa hukumu. Samura bin Jundub (r.a.) alikuwa na mitende ndani ya bustani ya mtu wa Kiansari aliyekuwa akiishi humo na ahli zake. Samura alikuwa akiingia kuiangalia mitende yake, na yule Ansari akipata taabu. Ansari akamwomba amuuzie, akakataa. Akamwomba wabadilishane na mitende ya mahali pengine, akakataa. Kesi ikafika kwa Mtume (S.A.W.), naye akampendekezea Samura yale yale mawili, akakataa. Akamtaka aitoe kama zawadi na kumtajia ujira wake, akakataa pia. Hapo ndipo Mtume (S.A.W.) alipomwambia kuwa yeye ni mwenye kuleta madhara, na akamruhusu Ansari aing'oe mitende ile. Baadhi ya wanazuoni wa Hadithi wameitia dosari sanadi ya kisa hiki, kwa kuwa aliyekisimulia kutoka kwa Samura hakuwahi kumsikia. Lakini maana yake inategemezwa na Hadithi mashuhuri inayokataza kudhuru na kudhuriana, aliyoipokea Ibn Majah, ambayo Imam Malik aliitaja katika Muwatta na Imam Nawawi akaiweka ya 32 katika Arubaini yake.

Tuangalie mpangilio wa kisa. Kung'oa hakukuja mwanzo. Kulitanguliwa na kuuza, kubadilishana na kutoa, na kila mlango ulifungwa na mwenye mti mwenyewe.

Katika mlango huo huo wa Abu Daud imepokewa kutoka kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kuwa watu wawili waligombana kuhusu harimu ya mtende, yaani eneo linaloufuata mti na ambalo mwingine haruhusiwi kuliingilia. Mtume (S.A.W.) akaamrisha upimwe kwa kuti la mtende huo huo. Riwaya moja inataja dhiraa saba, nyingine dhiraa tano. Kwa hiyo tangu Madina ilikuwa inajulikana kwamba mti una mpaka wake, na kwamba mpaka huo hutafutwa kwa kipimo, haukadiriwi kwa hasira za wagomvi.

Walivyosema wenye madhehebu

Baada ya karne za mwanzo, Waislamu wakawa watu wa miji: Kufa, Baghdad, Damascus, Qayrawan, Cordoba. Nyumba zikashikana, na masuala ya miti yakaongezeka. Mafaqihi walianza na matawi, kwa kuwa tawi linaonekana. Tawi likiingia katika anga la jirani, jirani ana haki ya kutaka liondolewe. Likiweza kukunjwa au kufungwa lirudi, halikatwi. Likishindikana, hukatwa. Imam Ibn Qudama, mwanachuoni mkubwa wa Kihanbali aliyefariki mwaka 620 Hijria (1223), anasema katika al-Mughni kuwa anayelikata tawi ilhali lingeweza kukunjwa atalilipa.

Kisha akateremka chini ya ardhi. Akaeleza kuwa mizizi ya mti wa mtu ikienea katika ardhi ya jirani yake, hukumu ya kuikata na ya kusuluhishana juu yake ni kama ya matawi. Akataja mifano ya madhara yake: matangi ya kuhifadhia maji, kuta za ndani za visima na misingi ya nyumba. Tofauti aliyoiona ni kuwa mizizi haina matunda ambayo watu wanaweza kugawana katika suluhu. Miaka 800 imepita, na mifano ile inaweza kuandikwa leo kwa kuongeza neno moja tu, bomba.

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, al-Khatib al-Shirbini (aliyefariki 977 Hijria, 1570) alipoisherehesha Minhaj ya Imam Nawawi naye aliifanya mizizi iliyoenea kuwa kama matawi. Mwenye ardhi humtaka mwenye mti aiondoe. Akikataa, mwenye ardhi anaweza kuiondoa mwenyewe katika sehemu iliyo ndani ya milki yake. Lakini Wahanbali na Washafii wana maneno marefu juu ya kupokea fedha ili tawi liachwe mahali pake, na Washafii wamelikataa hilo kwa tawi linaloning'inia hewani, kwa kuwa hewa peke yake haiuzwi.

Wamaliki walisogea mbele hatua moja wakauliza swali la Zaid: nani alitangulia? Sheikh Khalil bin Is-haq wa Misri, wa karne ya 8 Hijria, alifupisha katika Mukhtasar wake kuwa mti unaoudhuru ukuta hukatwa kile chenye kudhuru iwapo mti ndio uliokuja baadaye. Ama mti ukiwa ndio wa kwanza, kuna kauli mbili. Kwa hiyo kutangulia kuna uzito, lakini hata pale mti ulipotangulia, wapo waliosema kuwa madhara hayapati uhalali kwa sababu ya uzee wake.

Wahanafi walikuja kuliandika jambo hilo wazi zaidi. Dola ya Uthmania ilipokusanya sheria zake za madai katika Majalla, vifungu 1851 vilivyotolewa kati ya mwaka 1869 na 1876, kifungu cha 6 kilisema kuwa cha kale huachwa kama kilivyokuwa. Kifungu kinachofuata kikaiwekea mpaka kanuni hiyo: madhara hayahesabiwi kuwa ya kale. Na kifungu cha 1196 kikatoa haki ya kufunga au kukata tawi lililovuka, huku kikikataza kuukata mti wenyewe kwa sababu tu kivuli chake kimedhoofisha mazao ya jirani. Uturuki iliiacha Majalla mwaka 1926, lakini kanuni zake ni za mafaqihi walioitangulia, na bado zinasomeshwa.

Kadhi na fundi mwashi

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hawalisikii darasani. Vitabu vya fiqhi ya majengo havikuandikwa na watu wa vitabu pekee. Andalusia kulikuwa na Isa bin Musa al-Tutili, aliyefariki mwaka 386 Hijria (996), aliyeandika kitabu kizima juu ya kuta na haki za majirani. Tunis, katika karne ya 8 Hijria, alitokea Ibn al-Rami, fundi mwashi ambaye makadhi walimtuma kwenda kuangalia ukuta ulioinama, maji yanayopenya na mifereji ya vyoo, kisha arudi kutoa ushahidi wa alichokiona. Hatimaye naye akaandika kitabu juu ya hukumu za majengo. Kadhi alikuwa na elimu ya dalili, fundi alikuwa na elimu ya chokaa na mawe, na hukumu ilitoka baada ya elimu mbili hizo kukutana.

Hivyo basi, imamu wetu wa Mutuka asitoe jibu kabla ya kumsikiliza fundi. Na fundi mwenye ujuzi atasema jambo ambalo Amri hakulitarajia.

Atasema kwamba mzizi, kwa kawaida, hauvunji bomba zima. Ncha ya mzizi ni nyembamba na laini, na hustawi palipo na unyevu, hewa na virutubisho. Bomba lililoungwa vizuri halitoi unyevu, na mzizi hupita kando yake. Lakini kiungo kikiachia, au bomba likipata ufa, maji hudondoka na udongo wa pale hulowa hata wakati wa kiangazi. Mizizi huongezeka hapo, na uzi mmoja mwembamba kama unywele huingia kwenye ufa. Ukishaingia unakuta maji na mbolea, unagawanyika, unanasa karatasi na mafuta ya jikoni, kisha unanenepa na kuupanua ule ufa. Ndiyo maana mabomba ya zamani ya udongo wa kuchoma na ya saruji, yenye viungo vingi vilivyozibwa kwa chokaa au saruji, huingiliwa zaidi. Bomba la plastiki nalo huingiliwa ikiwa gundi ilipakwa vibaya au bomba lilifukiwa juu ya udongo uliolegea likapinda.

Tazama jinsi kesi inavyogeuka. Amri alikuja kama mdai. Lakini ikiwa mzizi ulifuata maji yaliyovuja, basi kabla mti wa Zaid haujaingia kwa Amri, najisi ya Amri ilikuwa imeshatoka, na pengine imeshaingia katika ardhi ya Zaid. Kama Zaid ana kisima, jambo ni zito zaidi. Kifungu cha 1212 cha Majalla kinahusu shimo la maji machafu linaloharibu maji ya kisima cha mwingine: madhara yale huondolewa, na yasipoondoka kwa njia nyingine shimo hufungwa. Nao Washafii wana kanuni inayomhusu Amri moja kwa moja: kila mtu hutumia milki yake kwa mujibu wa ada, na akiivuka ada hubeba dhamana. Kuchimba karo ubavuni mwa mti mkubwa na kwenye mpaka wa jirani, bila kuziba viungo, siyo ada ya mafundi wanaojua kazi.

Fundi atasema pia neno kwa Zaid. Mizizi ya mkuyu huenda mbali kuliko matawi yake, na mingi hukaa karibu na uso wa ardhi, pale pale mabomba yanapofukiwa. Kipimo cha kuti kilitolewa kwa mtende, na mtende una mizizi membamba isiyonenepa kama ya mkuyu au mkaratusi. Harimu ya kila mti hutazamwa kwa tabia yake. Watu wa kale walilijua hili pia: Warumi, katika mwaka wa 11 kabla ya Nabii Isa (A.S.), waliamuru miti isiwepo ndani ya futi 15 kila upande wa majengo ya mifereji yao ya maji, na futi 5 kwa mifereji iliyopita chini ya ardhi, kwa kuhofia mizizi.

Somo kutoka Gede

Anayetaka kuona kwa macho yake nguvu ya mizizi na aende Gede, karibu na Malindi. Ulikuwa mji wa Waislamu wenye msikiti wa Ijumaa, visima, matangi ya kutawadhia na nyumba za mawe zenye vyoo ndani. Watu waliuhama kabisa katika karne ya 17. James Kirkman alipoanza kuuchimbua mwaka 1948, aliukuta ndani ya msitu. Hadi leo miti imekumbatia kuta zake, mizizi ikiwa imepita katikati ya mawe. Miti ile haikuushinda mji uliokuwa na watu. Iliingia palipokuwa hapana tena wa kuziba ufa, wa kusafisha kisima wala wa kung'oa mche ungali mdogo. Vivyo hivyo, bomba la Amri halikuziba siku moja. Lilikuwa likizungumza kwa miezi, kila choo kilipochelewa kushuka.

Jawabu kwa Zaid na Amri

Tukiyakusanya yote haya, imamu anaweza kuwaongoza majirani hawa kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, fundi achunguze. Bomba lifunguliwe mahali mizizi ilipoingia, mbele ya wote wawili, ijulikane kama ufa ulitangulia mzizi, na kama mizizi ile ni ya mkuyu wa Zaid au ya mti mwingine.

Pili, madhara yaondolewe kwa njia nyepesi kwanza. Mizizi iliyo ndani ya bomba ikatwe kwa waya wa kuzibulia, na kipande kibovu kibadilishwe na kuzibwa vizuri. Kuzibua bila kuziba ufa ni kuupogoa mzizi ili urudi na nguvu. Ikiwezekana bomba lihamishwe mbali na mti, lihamishwe.

Tatu, madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Wapo wanaomwaga mrututu chooni ili uue mizizi. Mrututu huua mizizi kweli, lakini ni sumu: huua vijidudu vinavyoozesha uchafu ndani ya karo, na ukifika kwenye maji huua samaki. Mji wenye ziwa kama Babati haufai kulitibu bomba kwa kulitia ziwa sumu. Kadhalika, kukata mizizi minene karibu na shina kwaweza kuuangusha mti mzima juu ya nyumba. Mizizi ikatwe upande wa Amri, mbali na shina, kwa ushauri wa mjuzi.

Nne, gharama. Ikithibiti kuwa bomba lilivuja kwanza, Amri ndiye mwenye kubeba gharama za bomba lake. Ikithibiti kuwa bomba lilikuwa zima na mizizi ikalisukuma hadi likapasuka, jambo ambalo hutokea kwa mti ulio karibu mno, Zaid atatakiwa aondoe mizizi yake. Ama kumlipisha hasara iliyokwishapita, mafaqihi wamehitilafiana kama walivyohitilafiana kuhusu ukuta ulioinama wenyewe. Wahanafi wanamlipisha mwenye ukuta aliyekwisha kuonywa akapuuza. Kauli yenye nguvu kwa Washafii ni kuwa halipi, kwa kuwa aliujenga umesimama wima. Na Zaid hakuonywa kabla.

Tano, ikiwa nyumba kadhaa zinatumia bomba moja, mafaqihi wa Kihanafi wameshaigawa kazi. Mfereji wa maji safi husafishwa kuanzia juu, na wa maji machafu kuanzia chini, mwishoni mwake. Wote hushirikiana, na kila usafishaji unapovuka nyumba ya mmoja, yeye hutoka katika gharama. Aliye juu kabisa hulipa hadi mwisho, kwa kuwa uchafu wake unapita njia yote.

Sita, suluhu ni bora. Mabaraza ya Ardhi ya Kata yamebakiziwa, tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi ya kusuluhisha. Lakini kwa nini majirani wafike huko, hali wanakutana msikitini mara tano kwa siku?

Inabaki swali la kuung'oa mkuyu. Jawabu ni kuwa mlango huo ni wa mwisho, kama ulivyokuwa wa mwisho kwa Samura. Abu Daud amepokea makemeo makali kwa anayekata mkunazi, na mwenyewe akaeleza kuwa yanamhusu anayeukata mkunazi wa jangwani, unaowapa kivuli wasafiri na wanyama, kwa upuuzi na dhulma bila haki yoyote. Mkuyu wa Mutuka nao una kivuli, na mzee aliyeupanda bado anatarajia malipo yake kwa Mola wake. Mwanawe asiyafanye malipo yale kuwa udhia kwa jirani kwa kukataa mizizi isikatwe. Na jirani asiikate sadaka ya maiti kwa kosa la kiungo cha bomba ambacho yeye mwenyewe hakukiziba.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.